Kopo la Kakao, Kidole cha Fundi

Jumanne, 4 Machi
Muuguzi wa kliniki ya sukari amenipa daftari hili niandike anachokula mume wangu, asubuhi, mchana na jioni. Kurasa ni nyingi kuliko vyakula alivyoachiwa, kwa hiyo zitakazobaki nitaandika yangu.

Mvua ya kwanza imetukuta kwenye benchi la kliniki. Kipimo kimesoma kumi na nne na ushee. Fundi (hilo ndilo jina lake mtaani, na mimi nimelizoea) anachomelea mageti na madirisha. Mwezi uliopita cheche iliingia kiatuni, ikamchoma kidole gumba cha mguu wa kushoto. Mpaka leo kidonda hakijafunga. Daktari amekibonyeza, akamuuliza kama anasikia. Fundi akajibu, "Nasikia vizuri, Daktari, sema tu." Daktari hakucheka. "Sukari ishuke. Isiposhuka kidole hiki tutakitoa kabla hakijala mguu."

Hakuna wali, hakuna mkate, hakuna viazi, hakuna sukari hata ya kulamba. Wanga wote basi.

Tukirudi nimepita kwa Bibi Tanuri, niliyekuwa namwokea mikate kabla sijamzaa Kipusa. Amenisikiliza akiwa anakanda, halafu akanipa kopo la kakao, ile yenyewe isiyotiwa kitu. "Watu wanadhani hii ni ya keki tu," akasema. "Itie kwenye nyama. Mtu akinyimwa wanga anatafuta uzito mdomoni, na uzito upo humu." Kopo lake kubwa liko wazi rafuni siku zote. Nikamuuliza haogopi wadudu. "Ni chungu, binti. Hata sisimizi hawaigusi."

Jumatano, 5 Machi
Nyama ya ng'ombe. Vitunguu vitatu nimevikaanga polepole mpaka vikawa rangi ya ngozi ya kiatu, kisha nyanya, pilipili, binzari na nyama yenyewe. Kakao vijiko viwili, nimeikoroga pembeni kwa maji ya moto kwanza isifanye madonge. Imeingia mwishoni na chumvi. Mchuzi umekuwa mweusi, mzito, unang'aa. Nimeonja nikashangaa: uchungu haupo mbele, uko nyuma, unakuja ukishameza.

Fundi ameukodolea macho. "Umeunguza?"
"Onja."
"Mama Kipusa, mimi naumwa kidole, macho yangu mazima."
Amekula na kabichi ya kukaanga. Alipomaliza akasema sahani inaona haya kukaa bila wali. Maana yake bado ana njaa. Nimemwongeza kabichi.

Jumamosi, 8 Machi
Mayai na uyoga asubuhi, kakao nusu kijiko. Biringanya kwa mchuzi ule ule jioni. Mvua.

Jumanne, 11 Machi
Kumi na moja nukta sita. Muuguzi amelisoma daftari, akauliza kakao ndiyo nini kwenye nyama. Nimemweleza. Amesema endelea, mradi haina sukari.

Alhamisi, 13 Machi
Mama mkwe amefika na sanduku lake, paa la kwake linavuja kila chumba. Tumemkaribisha. Amemwangalia mwanawe toka kichwani mpaka miguuni, akasema, "Umekuwa kama fimbo ya mwavuli." Halafu akaniangalia mimi.

Chai yake anaitia sukari vijiko vinne. Kopo lake la sukari nimeliweka ndani ya sahani ya maji kwa ajili ya sisimizi, maana mvua imewahamishia wote jikoni kwetu.

Jumapili, 16 Machi
Ninaandika hili kwa herufi ndogo. Nina mimba. Nilianza kuhisi wiki iliyopita, leo nina hakika, kwa sababu harufu ya nyama ikikutana na moto tu, nakimbilia nje.

Mwaka jana niliwaambia wote mapema. Mama mkwe alishaanza kufuma kofia. Mwezi wa tatu ikatoka, na kila aliyenijia kunipa pole alinifanya niisikie upya. Safari hii simwambii mtu mpaka ipite miezi hiyo mitatu. Na Fundi ana lake la kutosha.

Ninapika nimejifunga kitambaa puani. Kuonja siwezi. Napima kwa kijiko na kwa kusikiliza sufuria inavyochemka. Mimi nakula ndizi na mkate mkavu nje, kwenye ngazi.

Jumanne, 18 Machi
Tisa nukta nane. Pembeni mwa kidonda kuna ngozi mpya, nyembamba kama ya kitunguu. Nimeimba njia nzima.

Alhamisi, 20 Machi
Nilikuwa napima kakao, mama mkwe akasimama mlangoni.
"Hiyo dawa nani kakupa?"
"Si dawa, Mama. Ni kakao."
"Kakao." Akachovya kidole, akalamba, akatemea nje dirishani. "Chungu kama kwinini. Kakao ninayoijua mimi ni tamu."
"Hii haijatiwa sukari."
"Na wewe mbona huli?"
"Nimeshiba, Mama."
"Umeshiba toka nije."
Nikapunguza moto. Nimeinama kwenye sufuria na kitambaa changu, naye akabaki pale pale ananihesabia vijiko.

Jumapili, 23 Machi
Mama mkwe anasema jino linamuuma, hali nyama. Lakini nimemwona akitafuna karanga.

Jumatano, 26 Machi
Jana kipimo kilikuwa tisa na nusu. Leo nimepika kuku. Mchuzi haukushika rangi, umebaki wa kahawia tu kama udongo wa mfereji. Nimeongeza kijiko cha tatu, halafu cha nne. Labda kakao imeingia unyevu. Kila kitu humu ndani kimeingia unyevu, mpaka kiberiti.

Ijumaa, 28 Machi
Fundi ameomba aongezwe mchuzi. "Siku hizi umeipatia," akasema, huku anafuta sahani kwa jani la kabichi. Nimemwambia ni vitunguu, vikikaangwa muda mrefu vinaleta utamu. Mama mkwe ametabasamu kwa mara ya kwanza toka afike, na jino limepona, amekula. Nimefurahi kama mjinga.

Sufuria inaganda chini siku hizi, ukoko mweusi unaonata. Nimeisugua mpaka kucha zikauma. Imechakaa.

Jumanne, 1 Aprili
Kumi na mbili nukta moja.

Muuguzi amepima mara mbili. Halafu akalifungua daftari, akapitisha kalamu mstari kwa mstari. "Hivi ndivyo vyote anavyokula?"
"Vyote ninavyompa mimi," nikasema.
Wote wawili tukamgeukia Fundi. Akainua mikono kama mtu aliyekamatwa na polisi. "Jamani, sijala kitu."
Kipusa naye husema hivyo hivyo, midomo yake ikiwa na rangi ya pipi.

Alhamisi, 3 Aprili
Nimenusa shati lake. Chuma, jasho, moshi. Mifukoni misumari miwili na kizibo cha soda. Nimekiweka mezani mbele yake.
"Ni cha Gesi," akasema. Gesi ndiye mwenzake pale karakana, anakunywa soda kama gari bovu linavyokunywa mafuta.
"Kizibo cha Gesi kinafanya nini mfukoni mwako?"
"Nimekiokota. Kipusa anavikusanya."
Kipusa kweli anavikusanya. Lakini jibu lilikuja haraka mno.

Jumamosi, 5 Aprili
Nimemchukua Kipusa na mwavuli tukaenda mpaka karakana bila kuaga. Nimesimama nyuma ya geti ambalo halijapakwa rangi. Gesi alikuwa na chupa, Fundi na maji. Gesi aliponiona akapaza sauti, "Shemeji, karibu! Umekuja kukagua?" Akainua chupa yake juu kabisa, ili nione ni yake. Wanaume wote wakacheka, isipokuwa Fundi.

Njia nzima nimejiuliza: Gesi aliishika ile chupa kabla ya kuniona au baada?

Jumanne, 8 Aprili
Kumi na tatu na nusu. Njiani alitangulia yeye, mimi nyuma.

Alhamisi, 10 Aprili
Kama si karakana, basi ni humu ndani. Mama mkwe ametoka kwenye mvua mikono mitupu, amerudi na kitu kimefichwa chini ya shali. Nilipoingia chumbani kwake kuchukua mashuka, alifunga sanduku haraka, akalikalia.
"Unatafuta nini, Mama Kipusa?"
"Mashuka."
"Yako kwenye kamba, hayajakauka. Wewe ndiye uliyeyaanika."
Kweli yako kwenye kamba.

Ni biskuti. Anampa biskuti. Anamwona mwanawe amekonda, na moyo wa mama unafanya kazi yake. Simchukii kwa hilo. Lakini kidole si chake yeye.

Jumapili, 13 Aprili
Nimemuuliza Kipusa kama bibi anampa baba kitu. Amefikiri, akasema, "Anampa pole." Nimeona haya kumtumia mtoto. Hata hivyo nimemuuliza tena jioni.

Nimepika nyama ya kusaga na kabichi, kakao vijiko vitano. Sijui nampikia nani, wote wanakula huku wananiangalia.

Jumanne, 15 Aprili
Kumi na tano kamili.

Ile ngozi mpya imeondoka. Ukingo wa kidonda una weusi mwembamba, kama mstari wa kalamu. Daktari ameuzungushia kalamu yenyewe, akaandika tarehe ya kukata kwenye kadi: 6 Mei, saa mbili asubuhi, aje bila kula. Wiki tatu. "Sukari ikiteremka chini ya tisa kabla ya hapo, tutaongea mengine," akasema. "Ikiwa hivi, hakuna cha kuongea."

Fundi amevaa soksi polepole. Kisha akamuuliza muuguzi kama mtu anaweza kupanda ngazi ya kuchomelea bila kidole gumba. Muuguzi akasema watu wanazoea. Fundi akaitikia kwa kichwa, kama anayeelezwa njia ya mji asiotaka kwenda.

Jumamosi, 19 Aprili
Nimesema maneno ambayo ningependa kuyarudisha. Kipusa alikuwa kwa jirani. Nilikuwa nasafisha kidonda, Fundi akashtuka, maji yakamwagika, na mimi nikalipuka.
"Hicho kidole unakiuza kwa soda."
"Sinywi soda."
"Basi biskuti."
"Biskuti za nani?"
Nikatazama mlango wa chumba cha mama yake. Alielewa. Sauti yake ikashuka, na nilimwogopa kidogo, maana yeye hagombi.
"Mke wangu, nakula unachopika wewe. Asubuhi wewe, mchana nabeba kibakuli chako, jioni wewe. Hakuna kingine kinachoingia mdomoni mwangu. Unataka nile nini ili uniamini?"
Nimeokota kitambaa, nikafuta sakafu. Bado sikumwamini.

Jumatatu, 21 Aprili
Mvua toka alfajiri. Kichefuchefu. Sijapika, amekula mayai ya kuchemsha.

Alhamisi, 24 Aprili
Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Asubuhi Fundi alishaondoka. Mama mkwe alikuwa anamwogesha Kipusa. Niliingia jikoni nikaona mstari wa sisimizi umeshuka dirishani, umepita ukutani, umefika rafuni. Nikadhani umekwenda kwenye kopo la sukari la mama mkwe. Haukwenda. Sukari ilikuwa salama kwenye kisiwa chake cha maji. Mstari ulipita pembeni, ukapanda kopo la kakao, ukaingia chini ya kifuniko.

Nikasimama kama nimepigiliwa. Maneno ya Bibi Tanuri yakanirudia, anakanda huku anasema hata sisimizi hawaigusi.

Nikafungua. Nikavuta kitambaa chini ya kidevu, nikachovya kidole, nikalamba.

Tamu. Tamu na maziwa ndani yake. Chokoleti ya kunywa, ile ya watoto.

Nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Mchuzi uliokataa rangi. Ukoko unaonata. "Siku hizi umeipatia." Vijiko viwili, vinne, vitano, asubuhi kwenye mayai, mchana kwenye kibakuli, jioni. Mwezi mzima nanusa mashati, na mkono uliokuwa unamwaga sukari ni huu ninaoandikia.

Mama mkwe akaingia na Kipusa kwenye taulo. Akaona kopo mapajani mwangu.
"Mama, nani amegusa hili?"
Aliwaangalia sisimizi, si mimi. Akamweka mtoto chini. "Nenda kavae, mjukuu wangu." Kipusa alipotoka akasema, "Mimi."
"Kwa nini?"
"Kwa sababu huonji." Alisema bila kupandisha sauti. "Toka nifike sikukuona hata siku moja unatia kijiko mdomoni. Unajifunga pua kama mtu anayepulizia mende. Unampakulia mwanangu, wewe unakwenda kula mkate kwenye ngazi. Naye kila siku nguo zinamzidi. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"
"Ningeuliza."
"Niliuliza. Ukasema kakao. Nikailamba, kwinini. Nikaenda dukani nikaomba kakao, wakanipa hiyo, tamu kama ninavyoijua, mtoto anakunywa na hadhuriki. Nikabadilisha. Ikiisha naongeza. Nikasema, mwanangu ale kitu ninachokijua."

Nikamwambia, "Mama, hii ndiyo inayomla kidole."

Hakuelewa mara moja. Nikamwomba pakiti aliyonunua, akaitoa chini ya shali, nikamwonyesha maandishi ya nyuma, sukari ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Nilimsomea. Akashika ukingo wa meza. Uso wake ulifanya kitu ambacho sitaki kukiandika.

Akatoka. Akarudi na mfuko wa nailoni umefungwa mafundo matatu, akanipa kwa mikono miwili. Kakao yangu, yote, hata kijiko hakikupungua. Ndiyo iliyokuwa sandukuni. "Nilikuwa nangoja mvua ipungue niipeleke mjini kwa mfamasia aiangalie," akasema. "Nilikuwa nataka kukukamata."
"Na mimi nilikuwa nakutafutia biskuti."
"Biskuti gani?"
Basi nikacheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikageuka kile kingine, nikakimbilia dirishani nikatapika. Alinishika paji la uso, kama ninavyomshika Kipusa. Nilipomaliza alikuwa anahesabu kwa vidole.
"Mwezi wa ngapi?" nikamuuliza.
"Unamaliza wa pili, unaingia wa tatu."
"Mwaka jana ulituambia mapema," akasema, kama anajisemea.
"Ndiyo, Mama."
Akanimiminia maji nisukutue. Hakuniomba msamaha kwa maneno, na mimi sikumwomba. Ila niliposimama nilimwambia moja, na nililisema nikimtazama machoni. "Utamwambia mwenyewe. Leo jioni, kabla sijapakua. Nimemwita mwanao mwongo mwezi mzima, sitaendelea hata siku moja ili kukufichia. Na mimi nitamwambia langu."
"Atanifukuza."
"Paa lako bado linavuja. Hafukuzwi mtu. Lakini utamwambia."

Jioni. Ameambiwa. Mama yake alisema amesimama, mikono ndani ya shali. Mimi nikafuata na la mimba, na la mashati, na la geti. Fundi akazungusha uma mezani.
"Nilijua," akasema.
"Ulijua nini?"
"Kwamba ni tamu. Mara ya kwanza nikasema ni vitunguu, si ulisema? Mara ya tatu nikasema vitunguu haviwezi. Halafu nikanyamaza, nisije nikauliza mchuzi ukarudi kuwa mchungu."
Mwiko ulikuwa mkononi mwangu. Mama mkwe aliuona akauchukua, sijui ni kunizuia au kunitangulia.

Tulikuwa watatu kwenye meza moja, kila mtu ana kitu mdomoni, na hakuna aliyefungua.

Nimepakua. Kakao ya kweli, vijiko viwili. Sufuria haitoki jikoni mpaka vijiko vitatu vimeonja, hilo nimelitangaza na nimeanza mimi, kitambaa chini, macho nimefumba. Nikameza. Ikakaa. Mama mkwe akafuata, akakunja uso mzima. "Mungu wangu," akasema, "na hii ndiyo nzuri?" Fundi akala yote bila kuomba nyongeza.

Ijumaa, 25 Aprili
Samaki, limau, kakao kidogo mno kwenye siagi. Vijiko vitatu vimeonja.

Jumanne, 29 Aprili
Kumi nukta nne. Muuguzi aliuliza tumebadilisha nini. Fundi akasema, "Mazungumzo." Nimemkanyaga mguu mzima.

Ijumaa, 2 Mei
Amechelewa nusu saa. Nimenusa shati. Chuma, jasho, moshi. Nimejiambia ni mara ya mwisho.

Jumanne, 6 Mei
Amekwenda bila kula, kama ilivyoandikwa kwenye kadi. Mama mkwe amekuja nasi, ameshika begi la nguo za kulala hospitali, nguo alizozikunja mwenyewe na kuzikunjua na kuzikunja. Waliita jina, wakatutoboa moyo kwa ile sindano ndogo ya kidole cha mkono.

Nane nukta tisa.

Daktari alikaa na mguu ule mapajani muda mrefu. Mstari wa kalamu alioufanya ulishafutika, akatafuta weusi kwa taa. Alikata nyama iliyokufa kidogo pembeni, na ukucha umekwenda. Kidole kimebaki. "Sijasema kimepona," akasema, akituangalia mmoja mmoja. "Nimesema leo sikati. Wiki mbili, nikione tena."
Mama mkwe alikaa chini pale pale kwenye korido, juu ya begi.

Jumanne, 13 Mei
Nane nukta mbili. Mimba iko mwezi wa tatu. Bado nimo ndani ya hofu, lakini sasa tuko wawili ndani yake, mama mkwe amefufua kofia, anaifumua na kuifuma upya.

Jumanne, 20 Mei
Saba nukta sita. Ngozi imerudi, nyembamba kama ya kitunguu. Daktari amesema "mwezi mmoja" badala ya "wiki mbili", na kadi yenye tarehe ya kukata ameichana mwenyewe.

Mvua imekatika siku tatu. Paa la mama mkwe limezibwa, sanduku liko mlangoni, lakini ameahirisha mara mbili.

Asubuhi nilipokwenda kufungua dirisha la jikoni nimekuta kirundo kidogo cha unga wa kakao kwenye kizingiti, mfano wa ncha ya kijiko, kimepangwa vizuri katikati. Sikukiweka mimi. Nikasogea nisipumue. Sisimizi walikuja kwa mstari wao, wa kwanza akafika, akapapasa, akazunguka, na wote waliomfuata wakazunguka hivyo hivyo wakaenda zao bila kuugusa.

Nyuma yangu nikasikia kandambili za mama mkwe zimesimama.
"Unaangalia nini?" akauliza.
"Hali ya hewa, Mama."
"Mh," akasema. "Mimi pia."
Tumesimama wote wawili tukawaangalia mpaka wa mwisho alipopita.